Usingizi wa Akiba: Jinsi Popo na Ndege wa Mwambao wa Kilwa na Lindi Wanavyoivuka Miezi ya Njaa

Adhana ya Magharibi inapokwisha, katika miji na vijiji vya mwambao kuanzia Kilwa Kivinje hadi Lindi, popo hutoka. Wadogo hukatakata hewa juu ya mabati na minazi kama vipande vya karatasi vinavyopeperushwa na upepo. Wakubwa hupita juu zaidi, wakipiga mbawa polepole kuelekea kwenye mikungu na miembe. Watoto huwarushia mawe, wazee huwafumbia macho, na asubuhi mama mwenye nyumba hulalamikia uchafu walioudondosha barazani. Ni mara chache mtu kuuliza walikuwa wapi tangu alfajiri, na huko walikokuwa walikuwa wakifanya nini kwa muda wa saa kumi na mbili.

Jibu la haraka ni kwamba walikuwa wamelala. Jibu hilo ni sahihi, ila limeficha mambo mengi. Kwa mnyama mdogo mwenye damu moto, kulala ni shughuli ya hesabu: mafuta kiasi gani yamebaki mwilini, jiwe la kuegemea lina ubaridi kiasi gani, na chakula kitapatikana lini tena. Akikosea hesabu hiyo, au mtu akimvurugia, hafi siku hiyo. Hufa wiki kadhaa baadaye, mahali ambapo hakuna atakayemwona, na aliyemvurugia hatajua kamwe.

Katika mwambao wa kusini hesabu hiyo huwa ngumu zaidi wakati wa kusi. Mvua za Kilwa na Lindi huanza mwishoni mwa mwaka na kukoma mwezi wa Aprili au Mei. Kuanzia Juni nchi hukauka, nyasi huungua, usiku huwa na ubaridi, na wadudu warukao hupungua, hali ambayo hudumu hadi Oktoba au Novemba. Popo wa Ulaya ana miezi ya theluji. Wa kwetu ana miezi ya ukame.

Wapo popo walao matunda, wenye macho makubwa na nyuso zinazofanana na za mbwa mdogo. Hao ndio waachao makapi ya kungu chini ya paa la baraza, kwa kuwa hutafuna tunda, hufyonza maji yake na kutema kapi. Wengi wao hulala mitini, chini ya kuti la mnazi au ndani ya mwembe wenye kivuli kizito. Wapo pia popo walao wadudu, wadogo, wanaojiongoza gizani kwa mwangwi wa sauti yao wenyewe, sauti iliyo juu mno kwa sikio la binadamu. Hawa hulala mapangoni, katika nyufa za mawe ya matumbawe ufukoni, katika matundu ya mibuyu, katika magofu, na katika dari za nyumba zetu. Hao wa pili ndio mabingwa wa kubana matumizi, na makala haya yanawahusu wao zaidi.

Maulamaa wa zamani hawakumdharau kiumbe huyu. Al-Jahidh wa Basra, aliyefariki mwaka 255 Hijria, alimwandikia katika kitabu chake kikubwa cha wanyama, na Al-Damiri wa Misri, aliyefariki mwaka 808 Hijria, akampa nafasi yake katika Hayat al-Hayawan. Kinachoshangaza wasomi ndicho kinachomshangaza pia mtoto wa chuoni: anaruka, lakini anazaa na kunyonyesha, ana meno na masikio, wala hana unyoya hata mmoja. Baadhi ya wafasiri wamepokea kwamba ndege aliyefanywa kwa udongo na Nabii Isa (a.s.), kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, alikuwa popo, kwa ajili ya umbile lake la ajabu. Heshima hiyo iko mbali na hali ya leo, ambapo jina lake limebaki katika vitisho kama kile cha popobawa kilichowakesheza watu wa Pemba na Unguja mwaka 1995.

Kwa wilaya ya Kilwa, mahali panapofaa kuanzia ni pango la Nang'oma, katika vilima vya Matumbi upande wa Kipatimu, ambako maji yamechimba njia ndani ya mawe ya chokaa kwa muda usiohesabika. Watu wa huko wanalikumbuka pango hilo kwa sababu ya Vita vya Maji Maji. Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete, wakulima waling'oa mipamba waliyolazimishwa kulima na Wajerumani, na vita vikawaka. Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huo huo, lakini vita viliendelea hadi mwaka 1907, na Wamatumbi wakajificha mapangoni, Nang'oma likiwa mojawapo. Waliwakuta wenyeji waliowatangulia: popo.

Mambo yaliyowavuta wakimbizi wale ndiyo yawavutayo popo. Ndani ya pango refu mchana wa Februari na usiku wa Julai havitofautiani sana, kwani joto la mwamba hubadilika kidogo tu kwa mwaka mzima. Kuna giza, na mwewe hafiki. Kuna pia unyevu, jambo ambalo sisi hatulifikirii lakini kwa popo ni uhai: mbawa zake ni ngozi tupu, pana kuliko mwili wote uliobaki, na katika hewa kavu hupoteza maji kwa njia hiyo saa zote hata akiwa hajitikisi. Gofu lenye kuba zima na chumba cha nyuma kisicho na dirisha linampa karibu yote hayo. Mafundi wa Kilwa Kisiwani walipojenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, walikuwa, bila kukusudia, wakijenga mapango.

Sasa tuutazame mwili wenyewe. Popo wa aina ndogo ana uzito wa gramu 5 hadi 10, sawa na kijiko kimoja au viwili vya chai vya sukari. Kadiri mwili unavyokuwa mdogo ndivyo unavyopoteza joto upesi: kikombe cha kahawa hupoa kabla ya birika, na huyu ni kikombe kilichoongezewa mbawa mbili pana. Akiwa macho, joto lake huwa nyuzi 35 hadi 38 hivi, na anaporuka moyo wake hupiga mamia ya mara kwa dakika, kwa baadhi ya aina hukaribia mara 1,000. Kulipia gharama hiyo mchana kutwa bila kula, siku baada ya siku, katika msimu ambao wadudu ni haba, ni jambo lisilowezekana.

Ndipo hufanya jambo ambalo sisi hatuliwezi. Hupunguza moto wa mwili kwa makusudi na kuliacha joto lake lishuke mpaka likaribie lile la jiwe aliloning'inia. Pumzi huja kwa nadra, mapigo ya moyo hupungua mno, na mwili huwa baridi mkononi kama wa maiti. Lugha yetu ina neno linalofaa hali hii, nalo ni kuzizima. Mtu aliyelowa mvua baharini huzizima bila kutaka, na asipookolewa huangamia. Popo huzizima kwa mpango, kisha hujirudishia joto mwenyewe kutoka ndani, bila jua wala moto, kwa kuchoma mafuta maalumu aliyoyahifadhi hasa katikati ya mabega. Hapo ndipo anapotofautiana na mjusi, ambaye hana budi kusubiri jua.

Faida yake ni kubwa. Joto la mwili likishuka kwa nyuzi 10, shughuli za ndani hupungua na kuwa nusu au theluthi ya zilivyokuwa. Popo wa Kilwa hawezi kushuka hadi nyuzi 5 kama mwenzake wa Ujerumani, kwa kuwa hapa hakuna mwamba wenye baridi hiyo. Lakini kutoka 37 hadi 25 tu ni akiba nono, na kwa kiumbe ambaye akiba yake yote ya mafuta ni gramu chache, hiyo ndiyo tofauti ya kuiona mvua na kutoiona. Hata kuning'inia kwake kumo katika mpango huo. Kano za vidole vyake hujifunga zenyewe kwa uzito wa mwili unaovuta chini, kwa hiyo hatumii nguvu yoyote kushikilia, na popo aliyekufa usingizini huweza kubaki akining'inia vilevile. Akitaka kuondoka, huachia tu na kuanguka, na kuanguka huko humpa mwendo wa kurukia.

Kwa muda mrefu wanasayansi waliamini kwamba mambo haya ni ya nchi za baridi pekee. Ng'ambo ya bahari yetu, Madagaska, ndiko dhana hiyo ilikopata pigo. Mwaka 2004 Kathrin Dausmann wa Ujerumani na wenzake walichapisha habari za mnyama mdogo wa jamii ya lemuri, anayefanana kidogo na komba wetu, ambaye huhifadhi mafuta mkiani na kulala ndani ya tundu la mti kwa miezi 7 ya ukame. Katika tundu lisilozuia joto vizuri, mwili wake hupanda na kushuka pamoja na joto la mti, kwa karibu nyuzi 20 kwa siku moja, naye yumo tu. Miaka ya baadaye utafiti katika kisiwa hicho hicho, juu ya popo mkubwa alaye wadudu, ulionyesha jambo la ajabu zaidi: popo huyo hupunguza moto wa mwili hata wakati wa joto kali, kwa vipindi vifupi vifupi. Kuzizima, kumbe, hakuhitaji baridi. Kinachookolewa mchana wa joto ni nguvu, na pamoja na nguvu ni maji.

Wasomaji wetu husoma Suratul Kahf kila Ijumaa, na bila shaka wengi wameshawakumbuka wale vijana na pango lao. Habari ile ni muujiza na ishara, wala haifai kuipimia kwa popo au lemuri. Lakini msomaji anayejua namna mwili ulalao muda mrefu unavyohitaji mahali penye kivuli, hewa na utulivu, ataisoma aya inayoeleza jinsi jua lilivyokuwa likilikwepa pango lile kwa makini zaidi kuliko jana.

Mama popo yuko nje ya utaratibu huu kwa sehemu kubwa. Akizizima, mimba iliyo tumboni huacha kukua na maziwa hupungua, hivyo hujitahidi kubaki na joto na kulipa gharama yote. Kwa sababu hiyo majike wenye mimba na wanaonyonyesha hujikusanya pamoja mahali palipo na joto, na mama anyonyeshaye huweza kula kwa usiku mmoja wadudu wenye uzito unaozidi nusu ya uzito wake mwenyewe. Uzazi hufuata mvua. Katika mapango ya matumbawe ya pwani ya kusini mwa Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 1987 ulionyesha kwamba aina moja ya popo huzaa mara mbili kwa mwaka, mara moja kwa kila msimu wa mvua, ili watoto wanyonye wakati wadudu ni tele.

Hapa pia ndipo lilipo jibu la swali la kina mama: kwa nini dari yangu? Kuna aina za popo wenye mkia unaochomoza nje ya ngozi ya mapaja ambao wameyapenda mabati. Nchini Afrika Kusini watafiti walipima mapaa wanamoishi na kukuta joto la mchana likipita nyuzi 40, mahali ambapo paka asingekaa dakika tano. Popo hao huliacha joto la mwili lipande pamoja na la paa, badala ya kupoteza maji kwa kujipoza. Bati linalotutoa sisi jasho chini limewapatia nyumba ambayo haikuwapo zama za makuti. Kwa kuwa mwambao mzima umehama kutoka makuti kwenda bati ndani ya kizazi kimoja au viwili, majirani hawa wataendelea kuwapo.

Ndege nao wanayo elimu hii, ingawa wachache. Msomaji wa bara na pwani humwona kuzumburu, ambaye wengine humwita pasa: ndege mdogo wa rangi ya vumbi, mwenye kishungi na mkia mrefu mwembamba, mwizi mashuhuri wa mapapai na mboga. Jioni kuzumburu hujikusanya kichakani na kulala kwa kushikamana kifua kwa kifua, wameng'ang'ania tawi kama kishada. Chakula kikiwa haba, joto la miili yao hushuka usiku. Asubuhi huonekana wamelielekezea jua matumbo yao, wakiota moto wa bure kabla ya kuanza wizi.

Kisa kizuri zaidi ni cha kirukanjia, ambaye wengine humwita mpasuasanda na kumdhania mkosi: yule ndege wa usiku alalaye chini njiani na kuruka mbele ya baiskeli, macho yakiwaka. Yeye huwinda wadudu kwa macho, hivyo anahitaji mwanga kidogo. Watafiti walioweka vipimajoto vidogo juu ya ndege wa jamii hiyo katika maeneo makavu ya kusini mwa Afrika walichapisha mwaka 2011 kwamba kuzizima kwake kunafuata mwezi. Siku za mwezi mpevu huwinda usiku kucha na kubaki na joto; siku za kiza, kabla na baada ya mwezi kuandama, hushindwa kuona windo na huzima moto mara nyingi zaidi. Sisi tunaopanda mahali pa juu kuutafuta mwezi mwandamo tuna jirani chini ya miguu yetu ambaye shibe yake inafuata kalenda hiyo hiyo. Huko Marekani, jamaa yake mmoja alikutwa na Edmund Jaeger mwaka 1946 katika ufa wa mwamba jangwani California, amelala majira yote ya baridi. Wenyeji wa Kihopi walikuwa wakimwita mlalaji tangu zamani, bila kusubiri mtaalamu.

Ufukoni hali ni tofauti. Vitwitwi waliokuja kutoka Siberia hawazizimi hivyo, lakini usingizi wao unatawaliwa na bahari: maji yakipwa hula mchangani na matopeni, yakijaa hujikusanya juu ya fungu la mchanga au pembezoni mwa mikoko na kusimama kwa mguu mmoja, mdomo ukiwa chini ya bawa, iwe usiku au adhuhuri. Mtoto awafukuzaye wakati huo kwa kukimbia pwani na mbwa anawalazimisha kuruka kwa mafuta waliyoyaweka kwa ajili ya safari ya maelfu ya kilomita.

Nasema hivyo kwa sababu gharama kubwa katika mambo haya yote iko kwenye kuamka. Popo aliyezizima akishtuliwa na kurunzi, sauti au moshi hawezi kuruka papo hapo. Hana budi kwanza kuupasha moto mwili mzima kwa mafuta yake, jambo linalochukua dakika kadhaa hadi nusu saa na zaidi, kutegemea jinsi alivyopoa. Kwa popo wa nchi za baridi imekadiriwa kwamba vipindi vichache vya kuamka katikati ya usingizi wa miezi hula sehemu kubwa ya mafuta ya msimu wote, hali kulala kwenyewe hula kidogo tu. Mfano wake ni gari linalozimwa na kuwashwa kila baada ya dakika tano.

Marekani wamelijua hilo kwa msiba. Mwaka 2006, katika pango moja la jimbo la New York, walionekana popo wenye unga mweupe puani. Ulikuwa ukungu wa aina ya kuvu upendao baridi, uliotoka Ulaya. Kuvu huyo humwasha na kumkausha popo aliyelala, akawa anaamka mara kwa mara kuliko kawaida. Mafuta humalizika kabla ya majira ya baridi kwisha, na popo hutoka nje kwenye theluji kutafuta wadudu wasiokuwapo. Wamekufa kwa mamilioni. Ugonjwa huo haukuhitaji sumu wala kung'ata, uliwanyima usingizi tu.

Kuvu huyo hapendi joto letu. Lakini binadamu anaweza kufanya kazi ileile. Pango la Nang'oma linaanza kupata wageni, na ni haki liwapate, kwa kuwa historia iliyomo ni ya taifa zima na wenyeji wa Kipatimu wanastahili kipato chake. Mwenge wa moshi, kelele za kuwafanya popo waruke ili wapigwe picha, kundi la watu arobaini kwa mpigo mwezi wa Agosti: haya yanaweza kupangwa upya bila kumnyima mtu shilingi. Mwongozaji anayepita upande mmoja wa pango na kuuacha mwingine, kwa kurunzi iliyoelekezwa chini, hajapunguza chochote katika hadithi yake.

Sababu nyingine ya kuwaacha ni afya yetu. Popo alaye matunda na kulala mapangoni, anayepatikana sehemu nyingi za Afrika Mashariki, ndiye hifadhi inayojulikana ya virusi vya Marburg, ugonjwa uliotangazwa mkoani Kagera tarehe 21 Machi 2023 na tena tarehe 20 Januari 2025. Wengi wakisikia hivyo husema: basi wauawe. Jambo hilo limeshajaribiwa. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, magharibi ya Uganda, waliambukizwa, na baadaye popo wote wa mgodi ule wakaangamizwa. Mwaka 2012 ugonjwa ulizuka tena katika eneo hilo, huko Ibanda, kwa ukubwa uliozidi ule wa kwanza. Popo wachache walikuwa wamerejea mgodini, na walipopimwa, karibu 13 katika kila 100 walikuwa na virusi, ilhali kabla ya mauaji walikuwa kiasi cha 5 katika 100. Waliorejea walikuwa wageni vijana wasio na kinga, na ugonjwa ukaenea kati yao kwa urahisi. Kuua kuliongeza kile kilichoogopwa.

Njia nyingine ilijaribiwa na Waislamu wenzetu wa Pemba. Popo mkubwa wa kisiwa hicho, mwenye kichwa cha rangi ya dhahabu na mbawa zinazozidi mita moja na nusu, hapatikani popote pengine duniani. Kwa kuwindwa na kwa kukatwa misitu, idadi yake ilishuka hadi kukadiriwa kwa mamia tu, na mwaka 1996 aliwekwa katika daraja la walio hatarini mno kutoweka. Idara ya misitu na watu wa vijiji walianza kulinda miti anayolalia. Kidike ni mojawapo, na kwingine miti hiyo imo makaburini, ambako tangu zamani haikatwi. Hesabu za miaka ya 2000 zilikuta zaidi ya popo 20,000, na mwaka 2008 akashushwa daraja la hatari. Watu wa Chole, kisiwa kidogo cha Mafia kaskazini ya Kilwa, nao wanalinda miti ya popo wao, aina yenye asili ya Komoro ambayo, kama ndugu yake wa Pemba, haikai bara la Afrika kamwe. Kwa popo hawa wakubwa kinachohitajika ni mti mrefu usiokatwa na mchana usio na mawe. Uhalali wa kuwala tunawaachia masheikh, ingawa mtoto anayewapiga manati bila nia hata ya kuwala hana mwanachuoni wa kumtetea.

Na faida? Ua la mbuyu hufunguka usiku na kuanguka baada ya siku moja hivi. Kwetu wanaolifikia kwa wakati na kubeba chavua yake kutoka mti hadi mti ni popo walao matunda. Ubuyu wa kila duka kati ya Somanga na Lindi umepitia kwao.

Limebaki suala la nyumbani. Aliye na popo darini asitumie moshi wala sumu, wala asizibe tundu mchana wakiwa ndani, kwani wataoza humo au watashuka vyumbani. Kinyesi chao kisifagiliwe kikiwa kikavu. Kinyunyiziwe maji kwanza na afagiaye afunike pua na mdomo kwa kitambaa, kwa kuwa vumbi lake laweza kuwa na kuvu wa mapafu. Popo aliyeanguka asishikwe kwa mkono mtupu. Mtoto akiumwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ajili ya kichaa cha mbwa, hata kama jeraha ni dogo kama tobo la sindano.

Anayetaka kuwatoa kabisa akae nje jioni mbili tatu aone wanatokea wapi. Juu ya tundu hilo apigilie kipande cha wavu au kitambaa kinachoning'inia mpaka chini yake, kilichofungwa juu na pembeni na kuachwa wazi chini: popo hutambaa na kutoka, lakini akirudi hatui pale pa kuingilia. Baada ya siku tano hivi, wote wakiwa wametoka, tundu lizibwe. Lisifanyike hilo katika miezi ya mvua, watoto wasioweza kuruka wangalimo ndani, wala katikati ya kusi, wakati hawana akiba ya kuhamia. Mwezi wa Mei unafaa, mvua zimekoma na wadudu wangalipo, na popo aliyefungiwa nje huwa na usiku mzima wa kutafuta ufa mwingine akiwa ameshiba.